Daftari Moja, Wala Si Mawili

Maneno ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi ya Chama



Wenzangu wamekwisha kusema juu ya kahawa, ghala na bei, nao wamesema vizuri kuliko niwezavyo. Mimi nimeagizwa kusema juu ya kitu kisichopimwa kwa mizani, yaani majina yenu.

Majina hayo yamo mahali pawili. Yamo katika daftari la wanachama, ambalo siku hizi limo ndani ya kompyuta ya ofisi. Tena yamo katika tovuti ya Chama, ambayo mwanachama huifungua kwa simu yake akaona kilo alizoleta na fedha anazodai. Tovuti ilipoanzishwa, daftari lilinakiliwa lote kwa siku moja, na tangu hapo kila badiliko liliandikwa mara mbili kwa mkono: karani mmoja huku, mwingine kule. Utaratibu huo niliukubali mimi, basi lawama isiwaendee makarani.

Mwaka juzi mwanachama mwenzetu alifariki. Mjane wake alileta karatasi zote, na daftari likasahihishwa siku ile ile. Tovuti haikuguswa. Ujumbe wa malipo ulitoka katika tovuti ukaenda kwa namba ya marehemu. Na namba ya simu ikikaa muda mrefu bila kutumiwa huweza kupewa mtu mwingine. Hivyo mgeni kabisa akasoma hesabu ya nyumba isiyo yake, na mama yule akaja ofisini mara tatu, kila mara akiambiwa kwamba ujumbe umekwisha kupelekwa. Mara ya tatu hakusema neno. Aliketi tu kwenye benchi. Ndipo tulipofungua pote pawili, tukaona.

Tangu siku hiyo daftari la ofisi ndilo mama. Tovuti haiandikwi na mtu, hupokea tu. Kila usiku kompyuta huipelekea yaliyobadilika, kila badiliko na tarehe na saa yake. Jina pekee halitoshi kumtambulisha mtu, maana akina Juma wetu ni wengi; hutumika namba ya uanachama, ambayo hapewi mtu wa pili hata mwenyewe akiisha kuondoka. Anayeondoka hafutwi, huwekewa alama, kwa kuwa mstari uliofutwa hauna habari ya kupeleka, na tovuti ingeendelea kumhesabu kana kwamba yupo.

Intaneti nayo hukatika katikati ya kazi. Kwa hiyo kila mzigo hupelekwa pamoja na namba ya stakabadhi yake, ili ukipelekwa tena kilo 60 zisigeuke 120. Kila Ijumaa karani hulinganisha idadi ya wanachama na jumla ya kilo pande zote mbili, na zikipishana hata kwa kilo moja haendi nyumbani mpaka aione sababu. (Siku hiyo sipendwi ofisini.)

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, yawapa haki ya kudai habari zenu zisahihishwe. Lakini kompyuta haina njia ya kujua kwamba umebadili simu. Meza ya karani ipo pale chini ya mwembe hadi saa kumi. Njoo mwenyewe na kadi yako ya uanachama, wala usimtume mtoto.