PAKA WA JIRANI KATIKA BUSTANI YA MWENYE MBWA

(Mazungumzo ya Katibu kwa wanaushirika, bandani kwetu. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na wale waliofika wakasinzia.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanaushirika, mama zangu, na nyie vijana mliokalia magunia kule nyuma.

Nilitazamiwa leo nizungumze habari za mizani na madeni ya mbolea. Mizani itangoja. Nataka kuzungumza juu ya paka. Najua wengine mtacheka, na mmeshaanza. Chekeni, lakini mwisho mnisikilize, maana kwa ajili ya paka mmoja watu wawili wa kijiji hiki walikaa majuma matatu hawasalimiani, na mmoja wa watu hao ni mimi ninayesema nanyi.

Mambo yalikuwa hivi. Mimi nafuga mbwa, mnamjua, yule mwekundu mwenye sikio lililokatika. Nilimchukua kwa sababu ya wezi wa kabichi. Chini ya nyumba nina matuta manne ya karoti. Sasa jirani yangu wa upande wa juu, mama mmoja tunayeheshimiana siku zote, ana paka watatu. Kila nikipanda karoti, asubuhi nakuta tuta limefukuliwa, mbegu zimetupwa huku na huku, na katikati kuna kile mnachokijua. Nyie wakulima mnaelewa. Karoti haihamishwi kutoka kitaluni kama kabichi. Mbegu unaimwaga pale pale itakapokulia, ndogo kama vumbi, nayo hukaa juma zima hata majuma mawili au zaidi ndipo ichipue. Paka akifukua siku ya tano, basi kazi imeharibika, unaanza upya kununua mbegu.

Nikaenda kusema. Nilisema vibaya, nakiri. Badala ya kupiga hodi, kuamkia na kuketi, nilisimama uani nikasema, "Mama, paka wako watanimaliza." Naye akanijibu, "Katibu, paka hana kamba. Mbwa wako mbona anabweka usiku kucha na sisi tunanyamaza?" Nikaondoka na hasira. Na kuanzia siku ile nikawa nikimwona paka bustanini namwambia mbwa, "Shika!" Mbwa akizoeshwa kitu na bwana wake hasahau. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha.

Siku moja jioni mbwa akamkamata paka pale penye hoho. Binti wa jirani, wa darasa la tatu, alikuwa akipita na ndoo ya maji. Akaitupa ndoo, akaingia bustanini kumwokoa paka wake. Alimwokoa kweli. Lakini paka akiwa katika kiwewe hatambui rafiki wala adui, akamng'ata mtoto mkononi, meno yakaingia. Watu wakakusanyika. Mmoja akasema, "Si mbwa aliyemng'ata, ni paka tu, mpakeni mafuta ya taa." Mwingine akasema pilipili. Jamani!

Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kichaa cha mbwa tunakiita hivyo kwa sababu mara nyingi sana binadamu hukipata kwa mbwa. Lakini jina lisitudanganye. Paka naye hukipata, hali kadhalika mbuzi, ng'ombe, punda na mbweha. Ugonjwa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia penye jeraha, kisha hutembea polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo huweza kuchukua majuma, hata miezi. Wakati huo wote mtu anakula, analima, anacheka. Lakini dalili zikishaanza, yaani kuogopa maji, kuweweseka, kushindwa kumeza, kupona ni jambo la nadra mno duniani kote. Kwa hiyo kazi yote ni kabla ya dalili. Na dawa ipo. Mfaransa mmoja, Louis Pasteur, alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa mwaka 1885, na mtoto yule akaishi. Ni zaidi ya miaka mia na thelathini sasa, na sisi bado tunapaka pilipili.

Jambo la kwanza ni maji na sabuni. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Nasema dakika kumi na tano, si kumwagia kikombe kimoja. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Msipake mafuta ya taa, wala tumbaku, wala majani, wala msilifunge kwa kulikaza. Kisha, siku ile ile, mtu apelekwe kwenye kituo cha afya akapimwe na kuanzishiwa chanjo. Sindano si moja. Atatajiwa siku za kurudi, naye asikatishe hata kama anajiona mzima. Wengi hukatisha kwa sababu ya nauli, na katika hilo siwalaumu upesi, maana naijua barabara yetu na ninaijua mifuko yetu. Lakini nauli ichangwe kama tunavyochanga kwenye msiba.

Mtoto yule tulimwosha pale pale bombani, mimi nikishika sabuni na mama yake akishika mkono, na hatukuwa tumesemeshana tangu ule ugomvi. Tukateremka naye usiku ule ule. Njiani mama akaniuliza, "Mbwa wako amechanjwa?" Nikasema amechanjwa. Nilipofika nyumbani nikatafuta cheti, nikakisoma kwa taa. Muda wake ulikuwa umepita miezi saba. Nimejifunza kusoma nikiwa mtu mzima, katika madarasa ya jioni, nikishika kalamu kama mpini wa jembe. Ninajivunia hata leo. Lakini cheti hicho nilikuwa nimekikunja na kukitia sandukuni bila kukisoma. Kusoma huko kunafaa nini?

Mtoto alimaliza sindano zote. Ni mzima, mnamwona shuleni. Paka na mbwa tuliwafungia tukawatazama siku 10, maana mnyama ambaye kichaa kimekwisha fika katika mate yake kwa kawaida hamalizi siku hizo bila kuonyesha ugonjwa au kufa. Hawakuonyesha lolote. Ndiyo maana nawaambia, mnyama akimng'ata mtu msikimbilie kumuua, kama anaweza kufungwa salama bila ya kumng'ata mwingine. Akiuawa na kutupwa korongoni, mganga hana la kuangalia. Kama anatoka udenda, anapepesuka, anavamia kila kitu, msimkaribie. Mwiteni bwana mifugo.

Sasa nirudi bustanini.

Wako wanaosema, "Katibu, maneno mengi ya nini? Weka sumu." Nawajibu kwamba sumu imekwisha wekwa katika kijiji hiki. Simtaji aliyeiweka, yumo humu ndani na ameinama. Dagaa wale wa sumu hawakuliwa na paka. Walikufa kuku wawili na mtoto wa mbwa. Bahati tu hakuna mtoto wa mtu aliyepita pale akiwa na njaa. Sumu haijui hati ya nyumba. Tena nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa, awe wako au wa jirani.

Na paka mnawataka wafe wote? Wazee wenzangu wanakumbuka. Nilikuwa mtoto mwaka 1980 tauni ilipozuka katika wilaya yetu hii ya Lushoto, na ikawa inarudi na kurudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Tauni huletwa na viroboto vya panya. Panya akifa, viroboto hutafuta damu nyingine, nayo ni yetu. Tuliambiwa tukimwona panya amekufa tusimguse, tutoe taarifa. Tangu hapo mimi simdharau paka. Sisemi paka ni dawa ya tauni, la. Naye akimla panya mgonjwa huweza kuugua, na viroboto akaviingiza ndani. Dawa ni kuweka mahindi mahali panapofungika, kufagia, na kuwahi hospitali. Lakini nyumba isiyo na paka, panya hucheza ngoma darini. Hilo hakuna asiyelijua.

Basi, mwenye bustani afanye nini? Kwanza ajue tabia ya paka. Paka hapendi kubishana na ardhi. Hutafuta udongo mkavu, laini, uliotifuliwa, ajifukulie na kufukia. Yaani tuta la karoti lililopandwa jana ndilo choo kizuri kuliko vyote. Kwa hiyo tuta lisiachwe tupu. Ukishamwaga mbegu, mwagilia jioni udongo ulowe. Juu yake laza matawi yenye miiba, au fito zilizopitana nafasi ya vidole vinne hivi, paka asipate pa kukanyaga na kuchimba. Mwenye wavu wa kuku wa zamani aulaze chini juu ya tuta, miche itapenya. Ikishastawi na kufunika udongo, paka hana haja nayo tena. Mimi nimetumia miiba, na tuta moja nililoliacha kwa uvivu ndilo lililofukuliwa. Mengine matatu salama. Ua peke yake hausaidii sana, paka si mbuzi.

Mwenye paka naye ana kazi yake. Kwake pawe na mahali pa paka. Chukua boksi au karai bovu, tia mchanga au maranda ya mbao, ambayo viwandani kwa wapasua mbao yanatupwa bure, weka pembeni penye utulivu. Ondoa uchafu kila siku. Nasisitiza kila siku, na sababu ninayo. Katika kinyesi cha paka huweza kuwamo vijidudu viitwavyo toksoplasma. Kinyesi kikiwa kipya havijawa na nguvu ya kuambukiza, huchukua siku moja au zaidi. Mama mjamzito akivipata huweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo kazi ya kuondoa kinyesi isiwe ya mjamzito. Afanye baba. (Nasikia miguno upande wa wanaume. Nimesema baba.) Na mboga zote za bustani zioshwe vizuri kabla ya kuliwa mbichi, na mikono ioshwe baada ya kulima.

Lakini sisi wenye mbwa tusijifanye wasafi. Kinyesi cha mbwa kina mayai ya minyoo ambayo watoto wakiyala na udongo huwaletea maradhi, hata ya macho. Kizikwe mbali na mboga na mbali na kisima.

Tena usiku mfungie paka ndani ya ghala, huko ndiko panya walipo. Mlishe jioni. Watu husema paka akishiba hawindi, si kweli, huwinda kwa tabia yake. Akiwa na njaa ndipo huzurura kwa majirani. Na kama hutaki wale watatu wawe kumi na wawili, zungumza na daktari wa mifugo juu ya kuwahasi. Paka jike hubeba mimba kama miezi miwili tu, na huanza kuzaa kabla hajatimiza mwaka.

Kuhusu mbwa nitasema machache, kwa sababu mwenye kosa ni mimi. Mbwa asifungwe kamba fupi mchana kutwa, huzidi ukali. Mimi nimetandaza waya kati ya miti miwili, kamba yake inateleza juu ya waya, anatembea lakini hafiki njiani wala kwenye hoho. Na nyie vijana, acheni mchezo wa kumwambia mbwa "Shika!" kila mkiona paka. Si mchezo. Mbwa anayefukuza paka leo, kesho anafukuza mtoto anayekimbia. Mwenye kuchukua mtoto wa mbwa na mtoto wa paka wakiwa wadogo sana, akawalea pamoja, atawaona wanalala gunia moja. Wa kwangu ameshakomaa, lakini nikimkataza kwa sauti sasa anakaa. Imenichukua miezi miwili na mabaki mengi ya ugali.

Mimi na jirani tumepatana hivi: yeye ameweka karai la maranda nyuma ya jiko, mimi nimeweka miiba na waya. Akiona mbwa ameachia kamba ananiita. Nikimkuta paka bustanini namrushia maji, simrushii jiwe. Mbegu za karoti za tuta lile tuligawana gharama. Juzi asubuhi nimekuta nyayo za paka pembeni mwa tuta, zimefika kwenye miiba, zikageuka kurudi.

Bwana mifugo amekubali kuja hapa bandani Jumamosi, saa mbili asubuhi, kwa ajili ya chanjo. Waje mbwa wote na paka wote waliotimiza miezi mitatu. Mbwa aje kwa kamba, ameshikwa na mtu mzima, si mtoto. Paka aje ndani ya tenga au gunia lenye matundu, tena akae upande wa mizani, mbali na mbwa, nisije nikatoa hotuba nyingine. Mwenye cheti cha zamani aje nacho, lakini kwanza akisome tarehe. Na mwenye kamba ya ziada aniazime, maana wa kwangu ameikata tena jana.

Katibu wenu.