Mashine Ipo, Msomaji wa Picha Yuko Njiani: Safari ya Daktari wa Radiolojia

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kitui na Makueni



Kijana wa bodaboda anaanguka usiku kwenye barabara ya Kibwezi kuelekea Mutomo. Anafikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Picha ya kichwa inapigwa kwa dakika chache. Swali linalofuata ndilo linaloamua maisha yake: je, kuna damu inayovuja ndani ya fuvu au la? Mashine haijibu swali hilo. Hujibiwa na mtu aliyefundishwa kusoma picha.

Watu wengi huchanganya kazi mbili hapa. Anayempanga mgonjwa kwenye mashine na kupiga picha ni mtaalamu wa eksirei, ambaye kwa kawaida husomea diploma katika chuo cha KMTC au shahada chuo kikuu. Anayesoma picha na kuandika ripoti ni daktari bingwa wa radiolojia. Wote wawili wanahitajika. Huyu wa pili ndiye adimu, na kumpata huchukua zaidi ya miaka kumi.

Hesabu ni rahisi. Miaka mitano au sita ya shahada ya udaktari. Mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini. Kisha muda wa kuhudumu kama daktari wa kawaida, mara nyingi katika hospitali ya kaunti. Baada ya hapo huja shahada ya uzamili ya tiba, inayojulikana kama MMed, ya takriban miaka minne katika vyuo kama Nairobi, Moi au Aga Khan. Hata akihitimu, lazima Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, limtambue kabla ya kuitwa bingwa.

Njia hiyo imebadilika kwa namna tatu ambazo kila mkazi anafaa kuzijua.

Badiliko la kwanza ni mwajiri. Kabla ya ugatuzi, daktari alikuwa mtu wa Wizara ya Afya, na ruhusa ya kwenda kusoma ilitoka Nairobi. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti. Sasa kaunti ndiyo inayomwachilia daktari, ndiyo inayoamua kama mshahara utaendelea, na ndiyo inayomtaka atie saini mkataba wa kurudi kuhudumu. Akiondoka, wadi inabaki na pengo. Akizuiwa, kaunti haitapata bingwa kamwe. Katika mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, suala la wanaosomea ubingwa lilikuwa miongoni mwa madai yaliyowekwa mezani.

Badiliko la pili ni vifaa. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mradi wa kukodisha vifaa vya matibabu, na hospitali mbili katika kila kaunti zikapangiwa kupata vifaa, vikiwemo vya uchunguzi wa picha. Kamati ya Seneti iliyochunguza mradi huo ilitoa ripoti yake 2020, na moja ya kasoro zilizotajwa ni vifaa kukaa bila kazi mahali ambapo hapakuwa na wataalamu. Somo lake ni wazi. Mashine hununuliwa kwa bajeti ya mwaka mmoja, lakini msomaji wa picha hupangwa miaka kumi mapema.

Badiliko la tatu ni matawi mapya ya ubingwa. Zamani radiolojia ilikuwa kusoma picha. Leo kuna madaktari wanaotibu kwa kufuata picha: wanaingiza mrija mwembamba mwilini kuondoa usaha, kufungua njia ya nyongo au kuziba mshipa unaovuja damu, bila upasuaji mkubwa. Nchini Marekani tawi hili lilikubaliwa kuwa ubingwa kamili 2012, na wanafunzi waliokuwa katikati ya masomo wakalazimika kupanga njia upya. Karibu zaidi, chuo cha Muhimbili jijini Dar es Salaam kilianzisha mafunzo ya tawi hili kwa kushirikiana na madaktari wa Yale. Walimu walikuwa wakija kwa zamu, na wanafunzi wakafundishwa papo hapo kwa wagonjwa wa Tanzania.

Kwa upande wa upasuaji kuna njia nyingine. Chuo cha wapasuaji cha COSECSA, kilichoanzishwa 1999, humwezesha daktari kujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya mpasuaji mkongwe. Kwa radiolojia, njia iliyozoeleka Kenya ni ile ya chuo kikuu. Kwa hiyo kaunti haina budi kumwachilia mtu wake aende.

Daktari kijana afanye nini njia inapobadilika akiwa ndani yake? Kwanza, apate kila ahadi kwa maandishi: likizo ya masomo, mshahara, ada na miaka ya kurudi kuhudumu. Pili, aulize KMPDC kabla ya kujiunga kama kozi na hospitali ya mafunzo zinatambuliwa. Tatu, atunze daftari la kazi: kila kipimo alichosoma na kila tiba aliyoshiriki, na saini ya msimamizi. Kanuni zikibadilika, daftari hilo ndilo ushahidi wake. Nne, asikimbilie tawi dogo kabla ya kujua msingi. Hospitali ya Wote au ya Mwingi inahitaji kwanza mtu anayeweza kusoma kifua, tumbo, kichwa na mimba.

Na mkazi? Tunza picha na ripoti zako za zamani, uende nazo kila unapotumwa hospitali nyingine. Bingwa akilinganisha picha ya leo na ya mwaka jana huona mengi zaidi. Uliza ripoti imeandikwa na nani na itakuwa tayari lini. Na katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, usiulize tu kuhusu majengo na mashine. Uliza ni madaktari wangapi wako masomoni, wanasomea nini na watarudi lini.

Watu wa Ukambani wanaijua kazi ya aina hii. Matuta ya fanya juu hayakuchimbwa kwa siku moja. Mwethya ulikusanyika, shamba baada ya shamba, kabla mvua haijanyesha. Tuta likiachwa nusu, maji huchukua udongo wote. Vivyo hivyo kwa daktari anayeachwa katikati ya masomo yake.