Bomba la Chuma Si Waya wa Ethi

Mada kwa mafundi umeme wazungumzao Kiswahili, Flagey, Brussels

Nimeombwa nizungumzie mabomba ya chuma yanayobeba nyaya, nami naanzia dirishani. Jengo lile la matofali ya njano lenye mnara, alilolisanifu Joseph Diongre kwa ajili ya redio na kukamilika mwaka 1938, watu wa hapa huliita meli. Nyumba nyingi kuanzia uwanja huu hadi mabwawa ya Ixelles ni rika lake au zimelizidi umri. Ukibandua plasta humo, usishangae kukuta bomba jembamba la bati lililotandikwa karatasi ya lami ndani, na nyaya mbili ambazo mpira wake umekauka ukapasuka. Waya wa tatu hakuna.

Hapo ndipo fundi anapojidanganya: bomba limo ukutani, ukuta umekaa ardhini, basi ethi ipo.

Katika jiko moja la ghorofa ya kwanza nilipima kutoka kwenye baa ya ethi hadi kwenye bomba. Kipimo kilionyesha chini ya omu 1, nikafurahi. Nikasogea hatua mbili, ng'ambo ya kiungo kimoja tu, namba zikapotea kabisa. Kola ya kiungo hicho ilikuwa imeshikwa na kutu na rangi, chuma hakikugusana na chuma. Waya ukichubuka upande ule, bomba zima linakuwa na umeme, na hakuna swichi itakayoanguka mpaka mtu aliguse.

Tena sehemu za Brussels bado zinapata volti 230 kati ya fezi na fezi, bila nyutro. Nyaya zote mbili ni za moto, na kila moja ina takriban volti 133 ukilinganisha na ardhi. Wenzangu mliozoea fezi na nyutro nyumbani, hili lisiwapite.

Kanuni za Ubelgiji, zilizoandikwa upya na kuanza kutumika Juni 1, 2020, zinataka kwa kawaida ukinzani wa ethi ya nyumba usizidi omu 30. Diferensieli kuu, yaani swichi inayokata umeme unapovuja, ni ya miliampia 300. Zidisha: omu 30 kwa ampia 0.3 ni volti 9, ambazo hazimdhuru mtu. Lakini hesabu hiyo ni ya chuma kilichofungwa kwenye ethi kweli. Bomba lililokatikia kwenye kola halimo katika hesabu.

Mimi hupitisha waya wa kijani na njano katika kila saketi, na bomba likiwa bovu nalitoa. Linalobaki nalikwangua rangi hadi chuma king'ae, nalifunga kibano ncha zote mbili, na kila boksi la chuma nalipa waya wake. Mabomba ya maji, gesi na ya kupashia nyumba joto yanaungwa kwenye baa kuu kwa waya usiopungua milimita 6 za mraba. Bomba la gesi huungwa, ila halitumiki kamwe kama nondo ya ethi. Nimeona likitumika hivyo, na sitaki kuliona tena.

Kupima mwendelezo ni dakika mbili kwa kila boksi. Tafadhali, asikabidhi mtu funguo za nyumba kabla hajapima boksi la mwisho.