Notisi Kwanza, Kufuli Baadaye
Njiapanda ya Segera, barabara ya Chalinze inapogawanyika kwenda Tanga na Moshi, wengi hupanga vyumba na fremu kwa makubaliano ya mdomo. Kasheshe huja siku ya kuachana: mwenye nyumba anabadili kufuli, vyombo vya mpangaji vikiwa ndani. Hiyo ni dhuluma. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, muda wa upangaji usipotajwa, notisi isipungue kipindi cha kodi. Anayelipa kwa mwezi, notisi ya mwezi. Mpangaji naye inamhusu, asitoroke usiku na deni. Mkishindwana, anzieni Baraza la Kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nendeni na risiti, au hata meseji za malipo ya simu.