Damu ya Mhamiaji: Mhadhara wa Umma juu ya Maradhi ya Shinikizo la Damu



Aghalabu mtu akifikia umri wa miaka hamsini na shinikizo la damu yake likapanda, jamaa zake hulipokea jambo hilo kama walivyozipokea mvi zake, yaani kuwa ni ada ya uzee isiyohitaji kuulizwa sababu. Nimesimama mbele ya hadhara hii kuipinga dhana hiyo, na ushahidi wangu haukutoka mbali: umetoka Nyanza.

Mwaka 1929 tabibu C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, huko huko Nyanza nchini Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya watu wapatao 1,000, na humo ilidhihirika kwamba shinikizo la damu la wazee halikuwa limezidi la vijana, bali baada ya umri wa miaka arubaini lilielekea kushuka. Fauka ya hayo, katika wagonjwa 1,800 hivi waliolazwa hospitalini hakumkuta hata mmoja mwenye maradhi ya presha. Lugha ya makala ile ni ya zama za ukoloni, nami siipendi. Walakini vipimo vyake vilibaki vikidai jawabu.

Jawabu la kama maisha ya mjini ndiyo yanayopandisha shinikizo lilikawia. Kuwalinganisha watu wa mjini na wa shamba kwa siku moja hakutoshi kuwa burhani, kwani huenda wanaohama ndio hao hao ambao damu yao ilikwisha panda kabla hawajafunga mizigo. Kwa hiyo kundi la wachunguzi, akiwamo Neil Poulter, likachagua njia ndefu na ya taabu: likawapima Wajaluo waliotoka vijiji vya magharibi mwa Kenya mara tu walipoingia Nairobi, likaendelea kuwapima hata kufikia miaka miwili, ilhali wenzao waliobaki vijijini nao wakipimwa vivyo hivyo. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 1990 katika jarida la British Medical Journal, yalionyesha shinikizo la wahamiaji limepita la waliobaki, na wala hawakuwa wagonjwa wachache waliouvuta wastani. Safu nzima ya wahamiaji ilikuwa imesogea juu. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi ukilinganishwa na potasiamu, miili yao ilikuwa mizito zaidi, na mioyo yao ilipiga kwa kasi zaidi. Sodiamu huja na chumvi. Potasiamu huja na mboga, matunda na viazi. Na kasi ya moyo, kwa maoni yangu, ndiyo athari ya maisha mageni juu ya neva. Tazameni basi: yale tuliyoyanasibisha na miaka hamsini yalianza kwa miezi, na katika watu walio vijana.

Ama tiba, huko nako tuliazima kwa muda mrefu mno hukumu zilizotolewa juu ya miili ya watu wengine. Nafurahi sana kwamba jaribio la CREOLE, lililochapishwa mwaka 2019, liliwachukua wagonjwa 728 Waafrika katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo, likawagawa kwa kura katika michanganyiko mitatu ya dawa, na baada ya miezi sita likawapima kwa kifaa kinachofungwa mkononi mchana kutwa na usiku kucha. Amlodipini, ikichanganywa ama na haidroklorothiazidi ama na perindoprili, ilishusha shinikizo takribani milimita 3 za zebaki zaidi ya perindoprili na haidroklorothiazidi zikiwa pamoja. Huo si upungufu wa kudharauliwa katika umma mzima.

Hata hivyo miezi sita hupima shinikizo tu. Haihesabu viharusi, wala figo zilizoharibika, wala mioyo iliyoshindwa kazi. Jaribio ninaloliomba kwa vyuo vyetu ni la miaka, litakalowafuata wagonjwa hao hao kutoka zahanati hadi nyumbani kwao, na litakaloandika, pamoja na kila kipimo, ni nani aliyeikosa dawa mwezi ule na kwa sababu gani.