Neno Nililolificha

Wazee wangu, ndugu na wanangu mliotoka Maskati, Dubai, Unguja na London kuja kwetu Sinaw:

Nimeombwa niseme juu ya maradhi ya selimundu, nami ninayo tangu kuzaliwa, miaka 64 sasa. Tulipokuwa wadogo Unguja, mama alidhani ni baridi yabisi, akinichua mafuta ya nazi usiku kucha. Kaka yangu alifariki kwa homa hajatimiza miaka saba. Jina la maradhi nililijulia Maskati nikiwa mwari, na mama, Mungu amrehemu, akaniusia: “Usimwambie mtu, utakosa mume.” Nikanyamaza. Mume wangu, naye ni binamu yangu, aliyajua siku ya uzazi wangu wa kwanza. Hakunilaumu, lakini uso wake ule sijausahau.

Chembe nyekundu ya mtu mzima wa afya huishi siku 120 hivi. Yangu ni nadra kupita siku 20, tena hupinda kama mundu na kuziba njia ya damu. Ujanani taabu yangu ilikuwa maumivu. Uzeeni deni linadaiwa kwengine: nyonga ya kulia imebadilishwa, figo na macho hupimwa kila mara. Nameza haidroksiyurea, nakunywa maji hata pasipo kiu, na majira ya baridi, jangwa hili linapopoa usiku, sivui soksi. (Wajukuu hunicheka.) Soko la Alhamisi nalifuata alfajiri, jua halijapanda.

Wapo wasemao kuwa maradhi haya tumeyaleta sisi kutoka Afrika. Si hivyo. Waliochunguza damu ya Waomani wamekuta asili zaidi ya moja, na mojawapo ni ya Uarabuni na Uhindi. Naye Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa utafiti wa Afrika Mashariki, kwamba aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria.

Lakini wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina hatari ya moja kwa nne. Oman imelazimisha kipimo kabla ya ndoa tangu Januari 2026. Nyinyi mlio nje, jipimeni wenyewe.

Mjukuu wangu aliposwa na binamu yake. Siku tatu sikulala. Ya nne nikamwita kijana, nikamwambia kila kitu, nikiwa tayari posa ivunjike. Wamepima: binti ni mbebaji, kijana hana. Nikahi ni Ijumaa ijayo, inshallah, baada ya Alasiri, nanyi nyote mmealikwa.