Mkoba wa Kwenda Shoo

  

Mwezi wa Septemba ukielekea mwisho, watoto wa Kibera na Kawangware huanza kuuliza swali moja: tutaenda Shoo? Siku hizi jina lake ni refu, Maonyesho ya Kimataifa ya Biashara ya Nairobi, lakini kwetu ni Shoo tu, na uwanja ni ule ule wa Jamhuri. Ukikaa upande wa Olympic waenda kwa miguu. Ukitoka Kawangware wapitia Dagoretti Corner na kuifuata Ngong Road. Ni karibu, na kwa sababu ni karibu, wengi wetu hatufikirii sana juu ya mkoba.

Mimi pia sikufikiri. Mwaka mmoja nilikwenda na wanangu wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miezi kumi na minne. Nilibeba viatu vya kubadilisha, gauni la kupigia picha, na bakuli kubwa la wali na mchuzi wa nyama niliopika saa kumi na moja alfajiri. Maji yalikuwa chupa moja ndogo. Saa tano ilikuwa tupu. Saa nane tukala ule wali, mikono tumejipangusa kwa lesso. Usiku yule mdogo alianza kuhara na kutapika, na kabla ya jogoo kuwika macho yake yalikuwa yameingia ndani. Tulikaa kliniki siku nzima nikimnywesha maji ya ORS kijiko baada ya kijiko. Alipona. Gauni la picha halikutoka mkobani.

Basi mama, usiku wa kuamkia safari, tandika lesso kitandani, weka juu yake kila unachotaka kubeba. Kisha uulize juu ya kila kitu: nikikikosa hiki, nitakipata pale uwanjani, tena kikiwa safi? Chipsi zipo. Soda ipo. Kofia za karatasi na vikorokoro vya kuchezea vimejaa langoni. Hivyo haviwezi kuchukua nafasi ya vitu ambavyo huwezi kuvipata. Kumbuka mtoto akichoka utambeba mgongoni, na mkoba ule ule uko begani.

Cha kwanza ni maji. Lita mbili za kunywa kwa mama na watoto wawili ni kiasi cha kuanzia. Ni kilo mbili, ndiyo, lakini uzito huo hupungua mkinywa. Maji tunayonunua kwa jerikeni yachemshe mpaka yatokote vizuri, au yatie dawa ya klorini kama WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Fanya hivyo jioni, si asubuhi wakati kila mtu anapiga kelele.

Beba chupa ya pili ya maji ya kunawa, na kipande cha sabuni ndani ya kitambaa. Toboa matundu madogo kwenye kifuniko chake, ukiinamisha maji yanachirizika kidogo kidogo. Chupa moja yaweza kunawisha mikono ya watoto kutwa nzima: baada ya choo, baada ya kushika ng'ombe na mbuzi, na kabla ya kula chochote.

Sasa chakula. Wali, mchuzi, maziwa na nyama viacheni nyumbani. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila baridi au moto, na mkobani mwako hakuna friji. Tena wali uliokaa huweza kuwa na sumu ya vijidudu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Beba chapati au mkate, na ndizi na machungwa ambayo hayajamenywa. Kama mtoto hula uji, utie ukiwa moto sana kwenye chupa ya chai. Ukinunua chakula pale, nunua kinachotoka kwenye moto mbele ya macho yako. Njugu na peremende ngumu usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, hasa akiwa juu ya bembea, maana humkwama kooni kwa urahisi.

Na mwenye mtoto wa chini ya miezi sita? Wewe mkoba wako ni mwepesi. Mtoto huyo hahitaji maji hata jua likiwaka vipi. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Anayehitaji maji ni wewe. Lesso moja itamfunika jua, itakusitiri unaponyonyesha, itakuwa godoro akilala.

Nguo za kubadilisha ni seti moja kwa kila mtoto. Nguo chafu utazitia wapi? Karatasi za plastiki za kubebea zilipigwa marufuku mwaka 2017. Mimi hutumia mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko. Harufu haitoki, na foleni ya choo ikiwa ndefu, mkebe wenyewe huwa poti. Usicheke, utanishukuru.

Sweta ni lazima, kwa sababu jioni ya Nairobi haina huruma. Kofia pia. Dawa ambazo mtoto humeza kila siku, au ile ya kuvuta ya pumu, zikae mahali unapofikia haraka.

Jambo moja halina uzito wowote, nalo ndilo mama wengi husahau. Andika nambari yako ya simu kwa kalamu kwenye kitambaa, ukishonee ndani ya nguo ya mtoto, pasipoonekana na kila mpita njia. Mpige picha asubuhi akiwa amevaa nguo za siku hiyo. Mwambie akipotea asimfuate mtu anayemwahidi peremende, bali amwendee polisi au mama mwenye watoto. Wewe usipomwona, nenda kwa polisi walio uwanjani mara moja. Usimalize kwanza kuzunguka. Nambari 116 ya kusaidia watoto pia hupigwa bure, usiku na mchana.

Mwisho, tia pakiti mbili za ORS zikiwa kavu. Mtoto akihara, soma kwenye pakiti ni maji kiasi gani, changanya na maji safi, mpe kidogo kidogo, na uendelee kumnyonyesha au kumlisha. Yanayobaki baada ya saa ishirini na nne yamwage. Kesho yake mpeleke kliniki upewe vidonge vya zinki, ambavyo atameza siku kumi hadi kumi na nne hata kama ameacha kuhara. Lakini akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, macho yakiingia ndani, au ukiona damu kwenye choo, usingoje kesho. Nenda usiku huo huo, na ubebe kijitabu chake cha kliniki.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kikohozi cha msimu wa mvua. Kwa heri mama.